Stima Ndani ya Koili



Wengi wenu mmetuuliza kwa nini betri ya volti 12, ambayo ukiigusa kwa vidole vikavu husikii kitu, inaweza kumpiga mtu shoti anapochomoa waya wa koili. Swali ni zuri, na jibu lake laweza kukuokolea macho.

Ukiunga balbu kwa betri, karenti hupanda mara moja. Ukitia koili, yaani waya uliozungushwa mara nyingi kwenye chuma, mambo hubadilika. Karenti ikianza kupita hujenga sumaku, na sumaku hiyo inapokua huzalisha volti ya kuipinga betri. Basi karenti hupanda kidogo kidogo. Ni kama mkokoteni uliojaa mahindi: kuuanzisha ni kazi, na kuusimamisha ghafla ni kazi zaidi.

Tutie hesabu. Koili ya henri 2 yenye ukinzani wa omu 4, kwa betri ya volti 12, mwishowe hupitisha ampea 3. Lakini baada ya nusu sekunde (2 gawanya kwa 4) huwa imefika ampea 1.9 tu, na yahitaji kama sekunde 2 na nusu kukaribia 3. Hapo sumaku imetulia, na kinachozuia karenti ni ukinzani wa waya peke yake.

Hatari iko kwenye kuzima. Karenti haikubali kufika sufuri papo hapo. Ukikata njia, koili yenyewe hupandisha volti, mamia hata maelfu, mpaka karenti iruke hewani kama cheche. Kama umeshika waya kwa mkono mmoja na koili kwa mkono wa pili, njia ni wewe! Joseph Henry wa Marekani aliandika habari za cheche hii mwaka 1832, ndiyo maana kipimo kinaitwa henri. Magari ya petroli huitumia tabia hiyo hiyo kuwasha plagi.

Kwa hiyo tafadhali, msichomoe waya wa koili karibu na betri inayochajiwa. Betri hiyo hutoa gesi ya haidrojeni, na cheche moja yatosha kuipasua usoni pako, asidi na yote. Zimeni kwanza kwa swichi iliyo mbali. Na kwenye rilei, fungeni dayodi sambamba na koili, upande wenye mstari uelekee chanya ya betri. Mkizima, karenti itazunguka humo hadi iishe yenyewe. Angalieni tu msiigeuze, maana itaungua mara mnapowasha swichi.