Rangi ya Ekzosi Isiyobabuka

Msikilizaji, wenye Subaru za turbo wanalijua hili: gari likikimbizwa kwa nguvu, bomba la ekzosi pale linapotoka kwenye injini huiva hadi likawa jekundu. Chuma kikionekana chekundu mchana kweupe, kimeshapita nyuzijoto 600. Sasa soma kopo la rangi ya kupuliza: nyingi zenye silikoni huandikwa 650. Kwa silensa inatosha kabisa. Kwa bomba lililoshikana na injini, itababuka mapema.

Hapo ndipo rangi ya seramiki inapostahili bei yake. Hata hivyo, ile inayong'aa kama kromu kwa kawaida huvumilia joto dogo kuliko nyeusi isiyong'aa. Mwenye turbo achukue nyeusi, mng'ao awaachie wa maonyesho.

Kabla ya kupaka, muulize fundi ataliandaaje bomba. Akikwambia atalifuta kwa kitambaa tu, ondoka. Linatakiwa lipigwe mchanga kwa upepo hadi chuma kibaki kitupu, chenye mikwaruzo, kisha lisiguswe kwa mkono mtupu. Mafuta ya kidole yanatosha kuibandua rangi. Rangi ya kopo nayo hukomazwa kwa moto: washa injini kidogo, iache ipoe, washa tena kwa muda mrefu zaidi. Fanyia nje, maana moshi wake unawasha macho.

Na kuzungushia kitambaa cha kuzuia joto? Kinapunguza joto ndani ya boneti, sawa, ila hushika maji, na bomba la chuma cha kawaida huliwa na kutu chini yake bila wewe kuona.