Bando la Nani?
(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama)



Mto Athi umepita kati ya Kitui na Makueni, lakini mvua ya Novemba twaingoja pande zote mbili. Basi mtoto wa Mutomo na mtoto wa Kibwezi wana hesabu moja: kila asubuhi wapime mvua, wapelekeane kwa simu, walinganishe. Kopo na rula vyatosha kuanzia.

Mwaka 2016 Serikali ilianza kupeleka tableti kwa watoto wa darasa la kwanza. Jambo jema, hatulikatai. Lakini zilikuja na masomo ndani yake. Hazikuja na mwenzi wa ng'ambo ya mto. Huyo hutafutwa na mwalimu, jioni, kwa simu yake na bando la mshahara wake. Nami nimelinunua mara nyingi.

Dereva wa basi hanunui dizeli kwa mshahara wake. Kwa nini sisi?

Naomba matawi ya Kitui na Makueni yaandike katika madai yao: bando lilipwe na shule, na saa za kazi hiyo ziingizwe katika ratiba. Kopo tutaleta wenyewe.