Kamera Iliyolala Kabatini
(Hotuba kwa mkutano wa vikundi vya kujisaidia)

Tumeombwa tuseme machache juu ya kazi yetu ya kupiga picha za barabarani, na hasa vile tuliirudia baada ya kukata tamaa.

Sisi ni vijana sita wenye kamera moja. Picha za barabarani si zile za arusi au za kitambulisho, mtu anasimama wima na kukaza uso. Ni picha za watu wakiwa katika shughuli zao: sokoni, kwenye steji ya matatu, mbele ya posho mili. Za arusi hutupa pesa. Hizi za barabarani hutupa moyo.

Basi ukaja mwaka wa 2020 na ugonjwa wa korona. Tarehe 27 Machi kafyu ikaanza, kutoka saa moja jioni hadi saa kumi na moja asubuhi. Soko letu likafungwa, arusi zikaahirishwa. Kamera ikalala kabatini miezi mitatu. Siku moja mweka hazina akasema, "Tuiuze tununue unga." Hakuna aliyebisha. Tulidhani pasipo umati hakuna picha.

Wakati huo jirani yetu, mwalimu mstaafu, akatusimulia habari za André Kertész. Huyu alizaliwa Budapest, nchi ya Hungaria, mwaka wa 1894, akapiga picha nyingi katika barabara za Paris na baadaye New York. Mwaka wa 1977 mke wake akafariki. Mzee alikuwa na miaka 83, na huzuni ilimlemea. Alipopata kamera ndogo ya Polaroid, ile inayotoa picha papo hapo, alianza kupiga picha dirishani pake: mwangaza unavyoingia, na sanamu ndogo ya kioo iliyomkumbusha mkewe. Picha hizo zilitoka katika kitabu mwaka wa 1981.

Tukajiuliza: kama yeye alianza na dirisha, sisi wenye njia nzima ya kwenda mtoni tunakosa nini? Tukapatana hivi: kila mmoja siku yake kwa juma, picha tano tu, karibu na nyumbani.

Siku ya kwanza tulikosea. Tulimkuta mama mmoja kando ya njia na ndoo yake ya nyanya, hakuna mnunuzi. Tukainua kamera. Akasema, "Mnataka kuonyesha watu njaa yangu?" Tuliona haya. Tukaweka kamera chini, tukambebea ndoo hadi kwake.

Baada ya wiki mbili akatuita mwenyewe. "Njooni sasa." Alikuwa amening'iniza mtungi wa plastiki kwa kamba, unakanyaga kijiti, maji yanatoka, unanawa ndipo ushike nyanya. Alisimama kando ya mtungi wake akicheka. Nakala ya kwanza ya picha hiyo ilikuwa yake. Kuanzia siku hiyo hakuna aliyetaja tena kuuza kamera.

Hatusemi picha ilitulisha. Unga ulitoka shambani, tena kwa taabu. Lakini tulijifunza mambo matatu, na tunayafuata hata baada ya kafyu kuondolewa Oktoba 2021:

1. Anza na kilicho karibu, hata kama ni kidogo.
2. Omba ruhusa kwanza. Mtu si kitu cha kutazamwa tu.
3. Mrudishie mwenye sura nakala yake.

Ndugu zetu, pengine kikundi chenu nacho kina kitu kilicholala kabatini: cherehani, ngoma, au daftari la akiba. Kabla hamjakiuza, kitoeni mkitazame pamoja, mkaulizane: kwa hali tuliyo nayo leo, kinaweza kufanya kazi gani ndogo?