Sauti Iliyopasuka Nayo Ina Fundi Wake



Sisi tunaofanya kazi redioni tunafundishwa mapema kuiogopa sauti iliyopasuka. Mshale wa mita ukiingia kwenye eneo jekundu, fundi mitambo hukurupuka kupunguza sauti, maana msikilizaji aliye nyumbani atadhani spika yake imetoboka. Lakini wapo watu wanaoitafuta sauti hiyo hiyo kwa udi na uvumba. Hao ni wapiga gitaa, pamoja na mafundi wanaowatengenezea vile visanduku vya kukanyaga kwa mguu, ambavyo wenyewe huviita pedali. Wiki hii nataka tuwazungumzie hao, na hasa wale wanaojitengenezea wenyewe mezani kwao.

Chimbuko la jambo hili ni ubovu mtupu. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, katika studio moja ya mjini Nashville, Marekani, mwimbaji Marty Robbins alikuwa akirekodi wimbo wake "Don't Worry". Zamu ya mpiga gitaa Grady Martin ilipofika, kumbe transfoma moja ndani ya meza ya kuchanganyia sauti ilikuwa imeharibika. Gitaa likatoa mkoromo kama wa nyuki waliofungiwa ndani ya debe. Wangeweza kuufuta na kurekodi upya. Wakaamua kuuacha. Wimbo ukapendwa, na wanamuziki wakaanza kuulizana sauti ile imepatikanaje. Fundi mitambo wa siku hiyo, Glenn Snoddy, akashiriki kubuni saketi ndogo ya transista iliyoweza kuutoa ule ubovu kwa makusudi. Kampuni ya Gibson ikaichukua, na mwaka 1962 kikatoka kisanduku kilichoitwa Maestro Fuzz-Tone. Mwaka 1965 Keith Richards wa kundi la Rolling Stones alikitumia katika wimbo wa "Satisfaction", na tangu hapo visanduku hivyo vikawa vya kugombaniwa.

Mwaka 1966 ikaja zamu ya London. Kampuni ya Arbiter ilitoa pedali ya duara, mfano wa sahani, iliyoitwa Fuzz Face. Hiyo ndiyo Jimi Hendrix aliyoikanyaga mbele ya maelfu ya watu. Sasa nisikilizeni vizuri. Ukiifungua, ukiacha waya, swichi, betri na matundu ya kuchomeka nyaya, unakuta vipande kumi na kimoja tu: transista 2, rezista 4, kapasita 3 na voliyumu 2. Redio ya mkulima ina vipande vingi kuliko hivyo! Ndiyo maana mpaka leo Fuzz Face ni darasa la kwanza la wanaojifunza kutengeneza pedali, kote duniani.

Inafanyaje kazi? Waya wa gitaa ukitikisika, hutoa umeme mdogo sana. Transista ya kwanza inaukuza, ya pili inaukuza tena. Lakini betri ina volti 9 tu, na sauti haiwezi kupanda kupita hapo. Wimbi likifika juu linagonga dari, kilele chake kinakatwa. Sikio letu linausikia mkato ule kama mkwaruzo mtamu, na noti inadumu muda mrefu badala ya kufifia upesi.

Kuunganisha vipande hivyo ni kazi ya jioni moja kwa mtu anayejua kushika chuma cha kuchomelea risasi. Kazi yenyewe huanza baada ya hapo. Pedali za kwanza zilitumia transista za jemaniamu, kama ile AC128 iliyokuwamo katika redio nyingi za Ulaya za miaka ya 1960. Transista hizi hazifanani hata zikitoka kiwanda kimoja. Moja inakuza mara 60, jirani yake mara 150, na nyingine inavuja umeme hata ikiwa imetulia. Fundi mzuri anazipima moja moja kwa mita. Ile inayokuza mara 70 au 80 anaiweka mbele, na ile ya mara 120 hivi anaiweka nyuma. Kisha anabadilisha rezista moja, huku akiangalia volti kwenye mguu wa kolekta wa transista ya pili, hadi zikaribie nusu ya betri, yaani volti 4 na nusu. Akikosea sana, gitaa linakatakata sauti kama redio inayoishiwa betri.

Mita ikishasema, sikio ndilo linalotoa hukumu. Fundi mmoja hupenda volti zizidi kidogo, mwingine zipungue. Na pedali iliyokaa sawa ina adabu ya ajabu: mpiga gitaa akipunguza kidogo sauti ya gitaa lenyewe, mkoromo unaondoka na gitaa linalia safi kama kengele. Hapo anaweza kupiga ubeti kwa utulivu, kisha akaja juu kwenye kiitikio bila kuinua mguu.

Kwa sisi wa pwani kuna jambo jingine. Jemaniamu haipendi joto. Kadiri hewa inavyopata moto ndivyo inavyovuja zaidi, na volti ulizozipanga zinahama. Pedali iliyorekebishwa asubuhi kwenye baridi ya London au Nairobi inaweza kubadilika kabisa ikipigwa saa nane mchana Dar es Salaam mwezi wa Februari. Kwa hiyo anayetengenezea huku airekebishe katika joto la huku, au atumie transista za silikoni kama BC108, ambazo ni tulivu zaidi kwenye joto. Silikoni nayo ina kasoro zake. Sauti yake ni kali zaidi, na mara nyingine hunasa mawimbi ya redio, kiasi kwamba mpiga gitaa akinyamaza, spika inaanza kusoma taarifa ya habari! Dawa yake ni kapasita ndogo sana kati ya beisi na kolekta, na kuifunga saketi yote ndani ya kopo la bati lililounganishwa na upande wa ardhi wa saketi. Kopo la plastiki halifai, kwa kuwa linaruhusu mingurumo ya umeme kupenya.

Mtu ataniuliza: muziki wetu wa dansi unapenda gitaa safi, mkwaruzo huo wa nini? Swali zuri. Nami simwombi mpiga solo yeyote aiache sauti aliyorithi. Lakini angalieni jirani zetu wa Kinshasa. Kundi la Konono No. 1, lililoanzishwa na marehemu Mingiedi Mawangu, lilipiga likembe kwa vinasa sauti vilivyoundwa kwa mikono, vikitumia sumaku za vipuri vya magari makuukuu. Vilikwaruza, nao wakaufanya mkwaruzo ule kuwa sehemu ya muziki wao. Mwaka 2004 ilitoka albamu yao ya "Congotronics", na wakaalikwa Ulaya na Marekani. Hawakusubiri kununuliwa vyombo.

Hapo ndipo penye kiini cha mazungumzo yangu. Vijana wetu wengi wanaopiga gitaa wanaamini kwamba sauti nzuri hutoka dukani, ndani ya boksi lililokuja kwa ndege. Anayekosa fedha anajiona hana bahati. Wakati huohuo, kwenye vibanda vya mitaani wapo mafundi redio waliozeeka wakipima transista, na vipande hivi vinaweza kutafutwa katika maduka ya vifaa vya elektroniki ya Kariakoo au ya Luthuli Avenue kule Nairobi. Maiti za redio za zamani, ambazo zimebeba jemaniamu ile ile inayotafutwa Ulaya, zinauzwa kwa kilo kama chuma chakavu. Fundi yupo, mali ghafi ipo, mwanafunzi yupo. Wanachokosa ni kukutana.

Wazazi, msiogope. Pedali hutumia betri ndogo ya volti 9, si umeme wa ukutani, kwa hiyo mtoto anayeifungua hahatarishi maisha yake. Achunge tu chuma cha moto na moshi wa risasi, afungue dirisha, na anawe mikono kabla ya kula. Wasije wakamruhusu, hata hivyo, kufungua amplifaya. Humo mna umeme unaoua hata baada ya kuchomolewa.

Na ninyi mafundi wa zamani, kijana akija kibandani na gitaa begani akiuliza habari za transista, msimfukuze mkidhani anapoteza wakati. Mpeni kiti na mita. Elimu yenu haimo kwenye vitabu vingi, na siku mtakapofunga kibanda bila kumwachia mtu, tutabaki tukinunua sauti zilizopangwa kwa masikio ya watu wengine.

Hadi wiki ijayo, kwaherini.