Upendo Wenye Maarifa



Jioni moja niliitwa katika nyumba ya Mji wa Kale, karibu na Ndia Kuu. Nilimkuta mama mzee wa parishi yetu ameketi kitandani, ameinama mbele, pumzi inamshinda. Inhela yake ya pumu alikuwa ameivuta mara kadhaa bila nafuu. Tukamkimbiza hospitalini. Daktari akamwuliza, “Mama, umemeza dawa gani nyingine?” Kumbe alilalamika moyo unamwenda mbio, na jirani, kwa wema wake, akampa tembe zake mwenyewe za moyo.

Tembe hizo huitwa propranololi. Zilitokana na kazi ya James Black wa Scotland katika miaka ya 1960, naye akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1988. Zimewafaa wengi. Lakini dawa hiyo inayotuliza moyo yaweza kubana njia za hewa za mwenye pumu, na kuizuia inhela ya salbutamoli isifanye kazi yake. Hata matone ya macho ya timololi yaweza kuleta hatari hiyo.

Mama yule alipona, Mungu ashukuriwe. Jirani yake ndiye aliyelia sana. “Mchungaji,” akasema, “nilitaka kumsaidia tu.” Nikakumbuka jinsi Mtume Paulo alivyowaombea Wafilipi upendo wao uzidi pamoja na maarifa. Upendo alikuwa nao. Maarifa ndiyo yaliyopungua.

Basi, ndugu zangu, usimeze dawa ya mwenzio, wala usimpe yako. Uendapo kwa daktari au duka la dawa, chukua dawa zako zote, hata inhela na matone ya macho, useme wazi, “Nina pumu.” Kama tayari unatumia dawa ya moyo, usiiache ghafla kwa hofu, maana moyo waweza kudhurika, mwulize daktari kwanza, kwani ziko nyingine. Na inhela isipokupa nafuu, usingoje kupambazuke. Nenda hospitali saa ile ile.

Tuombe. Ee Bwana uliyetupa pumzi, utufundishe kupendana kwa hekima. Amina.