Aliyekuja Usiku

Leo nitawaambia habari za samaki wangu wawili, au niseme mmoja, maana mwenziwe alikufa, na aliyemwua ni mimi.

Hapa kwetu Ziwa la Ng'ombe vyumba ni vidogo, na samaki tunamjua zaidi akiwa kwenye kikaango. Lakini kijana mmoja wa darasa langu la kipaimara aliniletea tangi la kioo, na ndani yake samaki wadogo wa kuogelea juu, na chini gogogo wawili wa asili ya Ziwa Tanganyika. Gogogo ni wa jamii moja na kambare. Ana sharubu, hana magamba, na katika mapezi yake ya kifuani mna miiba. Ukimshika vibaya atakuchoma. Akisumbuliwa huisugua miiba ile katika viungo vyake, akatoa sauti kama ya kukoroma. Mchana hujificha katika matundu ya mawe. Usiku hutoka, akipapasa chakula chini kwa sharubu zake.

Kijana yule alitandaza mchanga laini ili sharubu zisichubuke, akapanga vipande vya jiwe la matumbawe. Jiwe hilo kwetu halinunuliwi. Chimba shimo la choo utalipata. Nalo linafaa, kwa kuwa maji ya Tanganyika ni magumu, na jiwe letu huyafanya maji kuwa magumu. Akaniagiza niwape uduvi taa ikiisha kuzimwa, la sivyo wale wa juu watamaliza chote.

Jumapili moja nilimwita kijana huyo mbele ya ushirika atoe ushuhuda. Alisimama, midomo ikatetemeka, neno lisitoke. Baadhi walicheka. Nami nikamhimiza, "Sema, mwanangu, usimwonee Bwana haya!" Akatoka nje, na tangu siku hiyo sikumwona kanisani. Nilisema moyoni kwamba imani yake ni haba.

Baadaye watoto wa Shule ya Jumapili walikuja nyumbani kutazama samaki. Gogogo hawakuonekana. Basi nikaondoa mawe yote, nikawasha taa juu ya tangi. Watoto walifurahi sana. Samaki wakajibana pembeni nyuma ya bomba la hewa, rangi zikafifia, chakula wakakiacha. Siku ya tano nilimkuta mmoja amekufa.

Nikatuma mtu kwa yule kijana. Alikuja jua limekwisha kutua. Hakuuliza kitu, alikunja mikono ya shati, akayarudisha mawe moja moja, akaongeza na kipande cha chungu kilichovunjika. Kisha akasema, polepole mno, akikwama kila neno, "Padre, hawa hawalazimishwi. Wakiwa na pa kujificha, hutoka wenyewe."

Wapenzi, nilikuwa nimemfundisha kijana huyu miaka miwili, nisijue kwamba ana kigugumizi. Alikuwa akinijibu kwa kutikisa kichwa, nami nikaona ni adabu.

Usiku ule nilifungua Injili ya Yohana, sura ya 3. Nimeihubiri mara nyingi, na mara nyingi nimemsema Nikodemo kwa kuja usiku, kana kwamba ni woga tu. Safari hii nilimtazama Bwana Yesu. Hakumwambia arudi mchana. Hakumwita mbele ya makutano. Aliketi naye gizani, akamfundisha mambo makuu. Fuata habari zake: katika sura ya 7 Nikodemo anainua sauti barazani, kwa swali moja tu, na katika sura ya 19, wengi wakiwa wamekimbia, yeye anakuja na manemane na uudi kadiri ya ratli 100 kwa maziko ya Bwana.

Nilikwenda kwao kesho yake nikamwomba radhi, mbele ya mama yake. Sasa huja Jumatano baada ya magharibi. Tunawalisha samaki, tunasoma sura moja, mara nyingine bila maneno mengi. Jumapili bado hajaja, nami simwulizi. Gogogo aliyebaki ameanza kutoka kabla taa haijazimwa.

Tuombe. Bwana Yesu, uliyempokea Nikodemo usiku, uwe karibu na kila mtu anayesikiliza redio hii peke yake gizani, asiyeweza kusema mbele za watu. Na sisi wachungaji utusamehe. Amina.