Semina ya Ndoa Haijazi Gorogoro



Leo tuongee juu ya kelele za nyumbani. Kikundi kikitaka kuitisha semina ya mume na mke, swali huwa ni hili: je, wakifundishwa kuzungumza, nyumba itatulia?

Serikali ya Marekani ilijaribu jambo hilo kwa fedha za umma. Sheria ya mwaka wa 2006 ilitenga dola milioni 150 kila mwaka kwa mafunzo ya ndoa na ya akina baba. Mpango mmoja, Building Strong Families, uliandikisha jozi zaidi ya 5,000 za wazazi ambao hawajaoana, wengi wao wa mapato madogo, wenye mtoto mchanga au wanaomtarajia. Kwa kura, nusu wakafundishwa kusikilizana na kukosana bila matusi, nusu hawakufundishwa. Walisaidiwa hata nauli na mtu wa kuangalia watoto, lakini wengi walihudhuria vikao vichache tu.

Baada ya miaka 3, pande hizo mbili zilikuwa karibu sawa. Waliofundishwa hawakukaa pamoja zaidi ya wengine. Mpango mwingine, wa waliooana, ulileta nafuu kidogo: heshima iliongezeka, matusi yakapungua, lakini idadi ya ndoa zilizodumu haikubadilika.

Basi tusiitishe semina? Tuitishe, jameni, lakini tusiitwike mzigo usio wake. Mafunzo hulainisha ulimi. Hayajazi gorogoro ya unga.

Kwanza, tuchague saa ambayo wote wawili wametoka kazini. Mke akija peke yake, nusu ya funzo imebaki nyumbani.

Pili, tuzungumze juu ya pesa zenyewe: karo, deni la duka, zamu ya merigoraundi. Mume na mke wapange pamoja, na kikundi kiwasaidie kupata kitu cha kupanga.

Tatu, na hili tulishike sana: mwenye kupigwa tusimpeleke semina ati wapatane. Mpango ule wa Marekani uliwachuja wenye vita kabla ya kuanza. Hata hivyo, mjini Baltimore, miezi 15 baadaye, wanawake waliofundishwa walieleza kupigwa vibaya kuliko wasiofundishwa. Huyo tumpeleke hospitali, polisi na kortini. Sheria ya Kenya ya mwaka wa 2015 inamruhusu kuomba amri ya ulinzi.

Tumfikishe salama kwanza. Mengine tutaongea baadaye.